Kikombe Chenye Meno

Ta Elpidius, kwetu mzee tunamwita Ta, alikuwa fundi wa vinywaji asiyejua ladha ya hata kinywaji kimoja alichochanganya. Nayasema haya kwa sababu ladha zote nilizionja mimi, Vero, mpishi wa samaki, niliyekuwa naitwa kaunta kila alipobuni kitu kipya. Alinisogezea glasi, akafuta mikono kwenye aproni, akanikazia macho kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. "Inasemaje?" Nikimwambia inadai limau, anaongeza limau. Nikimwambia inasema vizuri, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo na kurudi kwenye kazi yake.

Mgahawa wetu uko ufukweni, kwenye ziwa dogo chini ya Songambele, wilayani Kyerwa. Mwenyewe ni Rwezaura, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Muleba. Huyu bwana aliona kwenye simu picha za baa za visiwa vya mbali, zenye mapaa ya makuti, taa za rangi na sanamu za mbao zinazotoa meno, akaamua kwamba Kyerwa nayo inastahili. Makuti hatuna, akaezeka kwa nyasi. Nguzo za mkaratusi akamwita fundi azichonge nyuso: macho yamemtoka mtu, kinywa wazi, meno kama ya mamba. Hata vikombe vya kokteli vilifinyangwa kwa sura hizo hizo. Mwinjilisti wa Kilutheri alipita siku ya kwanza, akazitazama nguzo kwa muda, akatikisa kichwa, kisha akauliza kama kuna chai. Wasichana wa kuhudumu walivalishwa sketi za nyasi juu ya suruali zao. Mimi nilikataa. Nilimwambia Rwezaura jiko langu ni la kuni, na sina mpango wa kuungua kwa ajili ya mapambo.

Watu walikuja, siwezi kusema uongo. Walikuja maofisa na wake zao Jumamosi, walikuja wenye sherehe za kipaimara na za kuagana, wakala sato wa kukaanga na ndizi, wakatafuna senene kwenye visahani, wakapiga picha na zile nguzo. Na wote walimsifu Ta Elpidius. Juisi ya ndizi aliyoitia jini, tangawizi na nanasi la Karagwe ilikuwa tamu mpaka unasahau kwamba ni pombe. Walipomwambia, "Mzee, karibu nasi, jimiminie na wewe," aliwajibu kwa upole kwamba ana dozi ya vidonge.

Hakuwa na vidonge vyovyote.

Zamani, kabla ya nguzo za Rwezaura, Elpidius alikuwa mkamuaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hapakuwa na harusi wala matanga Songambele bila ndizi alizozikanyaga yeye kwenye mtumbwi wake wa mbao. Na rubisi kwetu ina adabu yake: anayempa mgeni ndiye anayeonja kwanza. Unapiga funda moja mbele ya macho yake, ndipo unamkabidhi. Kufanya hivyo ni heshima, na pia ni kumhakikishia kwamba hukutia kitu. Basi Elpidius akaonja kwenye harusi, akaonja msibani, akaonja nyumbani asubuhi ili ajue ya jioni itakuwaje, mpaka yeye mwenyewe hakujua tena kuonja kunaishia wapi na kulewa kunaanzia wapi. Ng'ombe akaenda. Kahawa akaiuza ikiwa bado maua mtini. Akawa analala popote miguu inapomgomea.

Asubuhi moja ya masika alikuwa amelala katikati ya njia ya shule, suruali imelowa. Binti yake Placidia, wakati huo yuko sekondari, alifika hapo na wenzake. Wenzake wakacheka. Placidia akamruka baba yake kama wanavyoruka dimbwi, akaendelea na safari, na hakumwambia mtu kwamba yule ni nani. Hili alinisimulia Elpidius mwenyewe. Alikuwa amelala, ndiyo, lakini hakuwa amesinzia.

Baada ya hapo mkewe, Ma Costansia, alichukua watoto akarudi kwao Bugene. Elpidius alimfuata baada ya muda, mkavu, ananuka sabuni, akakaa uani kwa wakwe zake mpaka wakamhurumia. Costansia alikubali kurudi kwa sharti moja, akalitamka mbele ya wazee wote. "Siku midomo yako itakapogusa," alimwambia, "sitakuuliza mafunda mangapi." Akarudi. Elpidius akaupasua ule mtumbwi wa kukamulia kwa shoka, na Costansia akazifanya kuni za kupikia maharage. Tangu hapo hakugusa tena, miaka ikapita.

Rwezaura alipomwajiri alijiona mjanja. Alipata mtu anayezijua ndizi kuliko sisi wote, na tena haibi chupa. Mimi nilimwambia Elpidius waziwazi: "Ta, unajipeleka motoni kwa miguu yako." Akaniambia, "Vero, kwingine kote nimeshaombwa nisirudi." Nikawa ulimi wake, na wakati mwingine nilirudi jikoni kichwa kinaniwanga kwa sababu ya ubunifu wake.

Sasa Placidia akapata mchumba, Novatus, kijana mtaratibu wa Igurwa, mkulima wa kahawa. Siku ya kupokea mahari ilipokaribia, Costansia alitaka ifanyike nyumbani, kibanjani, chini ya migomba yao, kama inavyofanywa siku zote. Rwezaura akasema hapana, binti wa mfanyakazi wake atafanyiwa ufukweni, bure, na mpiga picha juu, maana alitaka picha za kutangazia sherehe. Kilichoamua ni Placidia. Alimwambia mama yake, nami niko hapo namenya vitunguu: "Mama, nataka watu wamwone baba amesimama. Amevaa shati jeupe, amesimama, mahali pazuri." Costansia akavuta kisu, akaanza kumenya nami.

Walijipanga vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Rubisi ililetwa kutoka kwa jirani. Mdogo wake Elpidius, Celestin, ndiye angeonja kwa niaba ya nyumba, na ukoo wote ulijua kwa nini. Elpidius angekaa kwenye kiti cha baba, avae koti, apokee heshima zake. Asubuhi tu, kwa kuombwa na Rwezaura, alichanganya ndoo moja ya kokteli kwa ajili ya jioni, wakishaondoka wazee na kubaki vijana wa kucheza muziki. Ilikuwa ya bluu, kwa ile sirapu ya chupa. "Inasemaje?" Nikaonja. "Inasema vizuri, Ta. Nenda kavae."

Wageni walifika adhuhuri, na aliyewaongoza ni Ta Byabato, baba mkubwa wa Novatus, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya na sura isiyocheka bure. Zamani mdogo wake huyo mzee alikuwa amekula karamu ya ukweni mahali fulani, akarudi na tumbo, hakumaliza wiki. Hospitali ilisema vidonda vya tumbo. Byabato alisema hospitali haikuwepo kwenye karamu. Lakini siku ile alikuwa mwema. Shikamoo zilizunguka, wakatafuna buni za kukaribishwa, Celestin akaonja rubisi mbele yao, akawapa, wakanywa. Mahari ikakubaliwa bila kelele. Placidia alitolewa, wakampigia vigelegele. Elpidius alisimama, shati jeupe, akasema maneno machache kwa Kinyambo, na nilimwona Placidia akimtazama baba yake kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu akimtazama mtu. Ingeishia hapo. Jamani, ingeishia hapo!

Rwezaura hakuona picha ya kumtosha. Watu wanaokunywa rubisi kwenye vibuyu wako kila mahali, nani atalipia ukumbi kwa ajili ya hiyo? Akawaamuru wasichana watoe ile ya ndoo, sasa hivi, kwenye vikombe vyenye meno. Yeye ni mtu wa Muleba, amelelewa na watu, adabu ya kuonja anaijua kama sisi. Sijui alidhani kinywaji kikishakuwa cha bluu kimetoka kwenye sheria. Wasichana wakaingia na sinia, nyasi zinachakacha, wakawawekea wazee wa Igurwa kila mmoja uso wa mbao, nasema wa mbao lakini ni udongo, umejaa maji ya rangi ya wino.

Hakuna aliyegusa. Byabato alikitazama kikombe, kikombe kikamtazama.

"Hiki ni nini, waitu?"

"Kokteli, mzee wangu," alisema Rwezaura. "Zawadi ya nyumba. Ametengeneza fundi wetu mwenyewe, baba wa binti!"

Nilikuwa mlangoni na ungo mkononi.

"Vizuri," alisema Byabato. "Basi baba wa binti atuonjee."

Celestin aliruka. "Naonja mimi, Ta Byabato. Kaka hanywi, ameacha siku nyingi."

"Wewe ndiye umeitengeneza?"

"Hapana, lakini..."

Nami nikapiga kelele kutoka mlangoni kwamba nimeionja asubuhi, ni salama, niko hai. Byabato hakunigeukia hata kidogo. Mpishi wa mgahawa si mtu wa nyumba ile, na hapo alikuwa na haki yake.

"Hanywi," alisema polepole, kana kwamba analipima neno hilo. "Hanywi anachotunywesha sisi."

Hakuna aliyeweza kuirudisha ile sinia tena. Ukishaambiwa onja, ukasema ichukueni tu, umekiri kwamba umetia kitu. Wazee wa Igurwa walianza kutazamana. Mmoja alichukua fimbo yake aliyokuwa ameilaza chini. Novatus alikuwa ameinamisha kichwa. Placidia amesimama katikati na gauni lake la kijani, na Costansia yuko kwenye mkeka na akina mama, amemkazia macho mumewe, mdomo ameubana mpaka umekuwa mstari.

Elpidius alikwenda pale kwa Byabato. Byabato akamnyooshea kikombe chake mwenyewe, sio kingine. Elpidius akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkwe. Akamtazama binti yake. Akanywa funda moja.

Mpiga picha akapiga picha.

"Tata, asante," alisema Byabato, na akacheka kwa mara ya kwanza, akakipokea kikombe, akanywa, akasema mbona ni tamu. Wote wakanywa. Vigelegele vilipasua paa. Celestin alikuwa analia na watu wakadhani ni furaha. Costansia aliinuka, akapitisha sahani ya buni kwa wageni mmoja mmoja, akatabasamu panapotakiwa, akacheza ilipobidi kucheza.

Ilipofika saa ya kukusanya vyombo, Elpidius alivua koti akasema atanisaidia. Nilimwambia baba wa binti hakusanyi vyombo. Hakunisikia, au alinisikia. Wazee wale hawakuwa wanywaji wa vitu vitamu, walibakiza karibu nusu. Aliingia kaunta na masinia yote na kufunga mlango. Vikombe viliponifikia jikoni vilikuwa vikavu, vyote, mpaka kwenye meno.

Harusi ilifungwa Igurwa, kanisa limejaa. Costansia alisubiri ipite. Alimsindikiza binti yake, akala keki, na Jumatatu yake akafunga mzigo. Nilimkuta anafunga na nikamfokea, ndiyo, nilimfokea mwanamke mkubwa kuliko mimi. Nikamwambia yule mtu alikunywa kwa ajili ya mtoto wako.

"Najua," alisema. Alikuwa anakunja shuka, hakuacha kukunja. "Nilisema sitauliza mafunda mangapi. Nilidanganya, Vero, nilihesabu. Lile la kwanza nilimsamehe palepale nilipokuwa nimekaa." Akaliweka shuka kwenye mfuko. "Vile vikombe vikavu, nilipofika cha kumi na kitu nikachoka."

Rwezaura alimfukuza Elpidius kabla msimu wa kahawa haujaisha, chupa zilikuwa zinapungua. Sasa vinywaji anachanganya kijana wa Bukoba anayerusha chupa hewani na kuzidaka. Anaonja mwenyewe.

Na kwenye njia panda ya Songambele kuna bango kubwa la mgahawa. Ni ile picha. Elpidius, shati jeupe, amesimama, kikombe chenye meno kiko mdomoni, na nyuma yake Byabato anaanza kucheka. Limeandikwa: KARIBU UONJE. Nilimwomba Rwezaura alitoe, akaniuliza kama najua picha nzuri kama ile inapatikana mara ngapi. Placidia akija kutoka Igurwa kwa bodaboda hupita hapo, hana njia nyingine. Hugeuza uso upande wa ziwa. Baba yake mara nyingi yuko chini ya bango, kuna kivuli, amejilaza na viatu mkononi, na bodaboda humkwepa kidogo na kuendelea.

Juzi nilimpelekea sato aliyebaki. Alikuwa macho. Alikula kwa adabu, akatupa miiba pembeni, akafuta mikono kwenye suruali kama alivyokuwa akifuta kwenye aproni.

"Vero," aliniambia, "ile ya siku ile. Niliimeza kwa woga, sikusikia kitu. Ilikuwa inasemaje?"

"Ilikuwa inasema vizuri, Ta."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akaniomba nimnunulie kidogo, ya kukata kiu tu.