Jezi za Kanga

Asubuhi ile haijanitoka, mwanangu. Tulikuwa vijana wa chuo, likizo ya kiangazi, na joto la Maskati unalijua. Tukajitia kichwani kuanzisha timu ya besiboli hapa mtaani kwetu Hail. Usicheke! Mwenzetu Khamis alikuwa akisoma ng'ambo, akarudi na gongo la kupigia mpira na glavu chache, basi tukawa tunacheza mara baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijatukamata. Mtaa mzima ulituona wendawazimu.

Mrushaji wetu alikuwa Ramadhani. Sisi wengine asili yetu Unguja. Yeye wazazi wake walitoka Bara, Kigoma huko, na Kiswahili chake tulikuwa tukikitania. Lakini mkono wake! Mpira wake unausikia ukitua kwenye glavu, kuuona hujauona.

Akatokea mfanyabiashara wa mtaa wa Hamriya, mwenye duka la vitambaa, akaahidi kutushonea jezi na kututafutia uwanja. Asubuhi ile alikuja kwetu, akala halua, akanywa kahawa, kisha akatoa sharti.

"Timu iwe ya watu wa Unguja. Huyo wa Bara mtafutieni njia."

Na Ramadhani yupo pale pale, kikombe mkononi! Hasira zilinipanda, lakini kabla sijasema kitu, Ramadhani akainuka kutafuta viatu vyake. Bibi yangu akatoka jikoni.

"Kaa, mwanangu, kahawa hujamaliza," alimwambia. Kisha akamgeukia mgeni. "Tuliposhuka hapa, mimi na mama yako, walituita Wazinjibari, wakatucheka Kiarabu chetu. Mama yako alilia begani mwangu. Leo umepata pa kukaa, unamfukuza mwenzako? Jezi zako kavae mwenyewe. Mimi nna kanga."

Wallahi alizikata. Doti za sare alizoziweka kwa harusi ya dada yangu! Nawe unajua, kanga husema: mwanamke wa kwetu akiudhiwa hatukani, hujitanda kanga akapita mlangoni kwa mbaya wake, asome mwenyewe. Basi na sisi jina la kanga likatukaa mgongoni: Mtasema mchana, usiku mtalala.

Kanga nyekundu, madume wazima! Masikio yaliniwaka kwa haya. Ramadhani ndiye aliyevaa wa kwanza, nasi tukafuata. Uwanja hatukuwa nao, tukacheza kwenye vumbi nyuma ya magereji ya mtaa wa Ghala, na mafundi wa huko, wazoefu wa gongo la kriketi, wakatufunga vibaya sana. Kesho yake tukarudi, na jezi zetu zile zile.

Kiangazi kilichofuata, mtoto wa yule mfanyabiashara akaja kuomba nafasi. Wenzangu walitaka kumfukuza. Bibi akakataa, akamshonea jezi ya kanga kama zetu. "Arudi nayo nyumbani," alisema, "babake aisome."

Mwanangu, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, sikukatazi, lakini usimkanyage mwenzako ili ukifikie. Ukipewa kitu kwa sharti la kumtupa rafiki, kirudishe, hata kama utabaki na kanga ya bibi yako. Watakucheka. Waache wacheke, wewe cheza.

Mola akupe shingo ngumu penye haki, na kila utakayemkaribisha kwako, akujaalie umlinde mpaka amalize kahawa yake. Amin.