Picha Chafu Kwenye Mashine ya Mama Klara

Kwa miaka kumi na moja Ritha wa Katoro, ambaye wateja humwita Mama Klara, alihariri video za harusi, misiba na kwaya kwa kompyuta za mtumba kwenye kiduka chake. Aliyajua matumbo ya mashine hizo: mende waliokauka kwenye feni, mkojo wa panya, nywele za watu asiowajua. Kila alipofungua moja alijifunga kitambaa puani. Mwaka huu akaapa kwamba safari hii ataiunda yake mwenyewe, kila kipande kipya.

Ubao mama, ule unaobeba vipande vingine vyote, aliununua kwa Boaz, fundi wa pale stendi ambaye walisali naye kanisa moja. Boksi lilikuwa bado na nailoni yake. Jumamosi mchana Ritha alimaliza kuunganisha, akabonyeza swichi, na mashine ikaamka.

Ikaamka na mwanamke nusu uchi, amelala juu ya sarafu, ulimi nje. Chini yake maandishi mekundu: LEO NI ZAMU YAKO. Alikaa hapo sekunde sita, kisha akapotea na Windows ikafunguka kama kawaida.

Ritha alizima, akawasha tena. Yuleyule. Ilikuwa picha ya jumba la madubwi, zile mashine za kamari zinazomeza sarafu. Donatus, baba yake Klara, alikuwa akitoka shimoni kuchimba dhahabu anapitiliza huko huko, halafu anarudi nyumbani ananuka sigara na jasho la siku tatu, anaapa kwamba mashine ilibaki kidogo tu iteme. Alikwisha kwenda zake. Sasa uchafu wake umerudi kukaa mezani.

Kwa siku mbili alifunika skrini kwa kanga kila alipowasha. Jumatatu akaja Mama Justa, mwenyekiti wa kwaya, na akina mama wanne, kutazama video yao. Katikati ya wimbo wa pili makarasha ya kusaga mawe yaliwashwa huko ng'ambo, umeme ukayumba, mashine ikajizima na kujiwasha.

"Mayu wane, mama yangu!" Mama Justa akaziba macho. "Mama Klara, hii ndiyo inayohariri nyimbo za Bwana?"

Mama mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomuumiza Ritha zaidi. Kufikia Jumatano, vijana wa bodaboda walikuwa wanaingia kuulizia picha za pasipoti huku wakikonyezana. "Washa basi, mama, na sisi tuone."

Ritha akamfuata Boaz. Alimkuta anakula kuku kwa mikono.

"Hiyo iko kwenye bayosi tu," Boaz alisema, "kaprogramu kanakoiamsha mashine. Weka mpya juu yake, picha inafutika. Nakutumia faili sasa hivi."

"Uliniambia ubao ni mpya."

"Kwako ni mpya." Akalamba kidole.

Ritha alirudi dukani na ile faili kwenye simu, na hakuigusa. Alijua kwamba umeme ukikatika bayosi ikiwa inabadilishwa, ubao unaweza usiamke tena. Umeme wa Katoro aliujua pia. Na mashine, ukiacha zile sekunde sita, ilikuwa nzuri mno: kazi iliyokuwa inakula siku nzima iliisha kwa dakika arobaini. Mwenye akili angeiacha. Lakini kila asubuhi alijikuta anazunguka dukani, anafagia palipokwisha fagiwa, ili asibonyeze ile swichi.

Mwishowe akampigia Gulnaz, muuza printa wa Shinyanga aliyemjua kwa ukweli wake.

"Mashine inafanya kazi?" Gulnaz aliuliza.

"Inafanya."

"Basi kwa kawaida ningekwambia usiguse. Bayosi haibadilishwi kwa ajili ya urembo."

"Dada Gulnaz, nikiiwasha najisikia kama nimeshikwashikwa."

"Hiyo nayo ni sababu. Ila faili ya mtu usiiamini. Soma namba iliyochapwa kwenye ubao wenyewe, siyo ya kwenye boksi. Kisha uje na mashine huku, mimi nina betri kubwa."

Ritha akafungua kasha, akamulika kwa tochi ya simu. Namba kwenye ubao ilikuwa ya karatasi iliyobandikwa. Aliikwangua kwa ukucha, na chini yake ikatokea nyingine, tofauti kwa herufi moja. Ubao haukuwa ule ulioandikwa kwenye boksi. Faili ya Boaz ilikuwa ya namba ya boksi; ingeuua. Pembeni, chini ya feni, palikuwa na bazoka iliyotafunwa, bado na alama za meno. Ritha alitoka nje, akatema mate mara tatu.

Kesho yake alipanda basi na mashine mapajani. Gulnaz alipakua faili ya namba halisi kutoka kwa watengenezaji, wakaiweka kwenye flashi, wakaanza. Asilimia zilitambaa. Zilipofika mia skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi. Halafu ikatokea nembo ya kampuni, ya kijivu, isiyo na mtu.

"Imepona," Gulnaz alisema.

Wiki iliyofuata Boaz alikuja dukani anachekacheka. "Nasikia umeweza. Nina wateja wawili wanalalamikia picha hiyohiyo: Mwalimu Scolastika, na Mageni wa Masumbwe. Niwaletee mashine zao?"

Kumbe alijua tangu mwanzo kwamba anauza mbao zilizong'olewa kwenye madubwi.

"Waje wenyewe," Ritha alisema. "Nitawafanyia. Na nitawaonyesha namba ya boksi na namba ya ubao."

Kicheko kikamwishia Boaz. Jumapili, wakati wa kupeana amani, alimnyooshea Ritha mkono mbele za watu. Ritha aliutazama ule mkono, kisha akageukia benchi la nyuma, akamwamkia Mama Justa.