Yogati ya Wifi na Kibuyu cha Ukutani

Mtu akiniambia bakuli la yogati ni chakula, mimi humtazama kwanza mikono. Nataka kujua kama imewahi kushika jembe. Mara nyingi haijawahi. Ni mikono ya kushika simu, kucha zimepakwa rangi ya waridi, na hiyo simu imeinuliwa juu ya bakuli kana kwamba chakula kinabatizwa. Kijiko bado hakijaingia. Picha kwanza.

Wifi yangu, mke wa ndugu yangu mdogo, ni mmoja wao. Wana hoteli ndogo kule Salgaa, mahali malori yanapopumzika njiani kwenda Eldoret. Madereva huingia hapo na njaa ya kutafuna meza. Wanataka matumbo, chapati mbili na chai ya maziwa iliyoiva. Yeye, ati, akajaribu kuwauzia yogati iliyomwagiwa matunda ya moto juu, kitu alichokiona kwenye simu. Dereva mmoja akauliza hicho ni chakula cha mtoto wa nani. Ndugu yangu aliponisimulia nilicheka nikashika mbavu, na sikumficha wifi kwamba nimecheka.

Huyo mwanamke ananiita Auntie, kwa niaba ya watoto wake, ingawa tumepitana miaka minne tu. Nami sijawahi kumwambia aache. Nilikuwa namhesabia moyoni tu, kama makosa.

Mimi nina duka la dawa za mifugo mjini Nakuru na nyumba mtaa wa Section 58, lakini nimezaliwa Mau Narok, katikati ya viazi na ngano na ng'ombe wa baba. Maziwa nayajua. Kwetu maziwa hayavalishwi matunda kama bibi harusi. Yanachemshwa, yanapoa, yanamiminwa kwenye kibuyu ambacho kimesuguliwa ndani kwa kaa la moto la mti wake maalum, kaa likasagwa humo humo kwa fimbo mpaka kuta zikawa nyeusi na laini. Kibuyu kinafunikwa, kinasimamishwa pembeni siku kadhaa. Yakitoka huko yana rangi ya majivu na harufu ya moshi, na ndiyo yanaitwa mursik. Mkimbiaji akirudi na medali anapokewa nayo uwanja wa ndege, watu wanaimba. Hebu niambie ni nani umemwona akipokewa kwa yogati.

Basi mwaka jana, wakati wa baridi kali, mama alishikwa na nimonia kule Mau Narok. Alilazwa, akatibiwa, akaletwa kwangu apate nguvu kabla ya kurudi nyumbani. Daktari aliniita kando akaniambia waziwazi: kifua kimepona, sasa kazi ni chakula, na mzee kama huyu asipokula hatasimama tena. Dawa zilikuwa zimemchubua mdomo na koo. Uji alionja vijiko viwili. Mayai alisukuma pembeni. Ugali hata hakuutazama.

Niliogopa. Sina njia nyingine ya kulisema. Kila asubuhi nilimshika mkono kumkalisha kitandani, na kila asubuhi niliona mkono umepungua.

Nikajiambia, huyu amekulia kwenye ng'ombe, dawa yake ni mursik. Na kibuyu ninacho. Ni mama mwenyewe aliyenipa siku nilipoingia kwenye nyumba hii, na yeye alipewa na mama yake. Kimefungwa ngozi shingoni, kimeshonwa shanga ndogo nyeupe. Nilikitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni akiingia lazima akiulizie. Mimi nami nilikuwa nikianza, "Huo ndio utamaduni, si hii mambo yenu ya friji."

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mgeni yeyote. Kile kibuyu sijawahi kukitilia maziwa hata siku moja. Kibuyu kisipotumika kinakauka, na kikikauka kinapasuka. Chetu kilipasuka ubavuni, ufa mrefu kama kidole. Wanawake wa kwetu huushona ufa kwa uzi na sindano, kibuyu kikaendelea na kazi yake, na kovu lake ni heshima. Mimi nilileta gundi kutoka dukani, ile ya kubandika soli za viatu, nikapaka, nikageuza ufa ukatazama ukuta. Miaka sita ufa umetazama ukuta.

Kwa hiyo mursik wa mama niliutengeneza hivi. Nilinunua maziwa lala ya pakiti, yale ya kugandishwa kiwandani. Nikachukua mkaa kwenye jiko la nyama choma nyuma ya nyumba, mkaa wa gunia, mti wake anaujua aliyeuchoma. Nikautia kwenye blenda. Ndiyo, blenda. Mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wa smuthi nilisimama jikoni mchana kweupe nikisaga makaa kwa umeme. Nikachanganya mpaka yakapata ile rangi, nikayatia kibuyuni dakika chache tu, gundi isije ikaachia, halafu nikaingia chumbani kwa mama nimekibeba kwa mikono miwili nikammiminia mbele yake.

Alikitazama kibuyu. Akapokea kikombe kwa mikono miwili kama inavyopasa. Akanywa funda moja, akafumba macho, akameza kwa shida.

"Asante," akasema. "Weka hapo, nitamalizia."

Hakumalizia. Kesho yake nikaleta tena, akanywa funda moja, asante, weka hapo. Siku nne hivyo. Nikaamua ni dawa za hospitali zimeharibu ulimi wake. Nikawalaumu madaktari kwa kila mteja aliyeingia dukani, hata yule aliyekuja kununua dawa ya kupe na hakuwa na haraka ya kunisikiliza.

Jumamosi wifi akatokea. Alishuka kwa gari la ndugu yangu akiwa na sufuria iliyofungwa kwenye blanketi la mtoto, lile la picha za vibata.

"Auntie, nimeskia mathe hakuli," akasema. "Nimemletea yogati. Nimeilaza jana, imeshika vizuri sana."

"Mbona umeivalisha blanketi? Ina surua?"

Akacheka. Huyo mtu ukimtukana anacheka, na hilo pia linaudhi. Akaeleza, kana kwamba nimemuuliza, kwamba maziwa unayachemsha, unayaacha mpaka kidole chako kivumilie, unatia kijiko cha yogati ya zamani, unakoroga, unafunika na kuivalisha sufuria blanketi ili joto lisitoroke. Asubuhi yameganda. "Ni hivyo tu," akasema. Nikamwambia naona kweli ni hivyo tu.

Akaingia jikoni kwangu bila kuonyeshwa. Alikuwa na plamu kwenye mfuko wa karatasi, zile nyekundu zinazouzwa kando ya barabara, nyingine zimebonyea. Akazikata, akatoa kokwa, akazitia kwenye sufuria ndogo na kijiko cha asali. Hakuweka maji. Nikasema moyoni zitaungua, na nikaomba ziungue. Hazikuungua, shetani hana bahati. Moto ulikuwa mdogo, plamu zikaanza kutoa maji yake zenyewe, zikalainika, ngozi zikajikunja, na jikoni kukanukia vizuri mpaka nikafungua dirisha kwa hasira.

Nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Nilitazama anavyopakua yogati nyeupe kwenye bakuli langu la supu, anavyoilainisha juu kwa mgongo wa kijiko, anavyomimina zile plamu za moto katikati zikaingia polepole na kuacha mistari myekundu. Nikasubiri simu itoke. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu ya simu.

Simu haikutoka. Alibeba bakuli moja kwa moja mpaka chumbani.

"Mathe," akasema, "hii ni kitu nimeona kwa simu. Sijui kama utaipenda. Madereva waliikataa. Ukiona ni mbaya niambie, nitakupikia kingine."

Ala! Huo ni uuzaji gani? Mtu analeta chakula kwa mgonjwa na kukitukana papo hapo. Nikamtazama mama nimuone akikunja uso.

Mama akachukua kijiko. Akala plamu na yogati pamoja, baridi na moto. Akala tena. Nilimwona koo likipanda na kushuka bila shida. Alikula mpaka kijiko kikaanza kugonga bakuli, halafu akakwangua pembeni kama mtoto.

"Iko ingine?" akauliza.

Wifi akaruka kwenda jikoni. Mimi nilibaki nimesimama hapo na uso ukiniwaka moto. Mtu angefikiri ningefurahi. Mama yangu amekula! Siku nne nzima nilikuwa nalia bafuni nikimwomba Mungu ale, na sasa amekula, nami kitu cha kwanza kilichopanda kifuani ni wivu. Kwa yogati. Kwa plamu zilizobonyea za mwanamke wa matumbo na chapati.

Alikula bakuli la pili nusu, akalala. Wifi akaosha vyombo vyake, na vyangu pia, nikaona hilo kama dharau. Akaacha sufuria ya yogati kwenye friji, akaondoka na ndugu yangu kabla ya watu kuingia kwa chakula cha mchana kule Salgaa.

Mama alipoamka nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nikimngoja. Sikuweza kuvumilia.

"Mama, unanishangaza," nikamwambia. "Maziwa ya mama yako unayaonja tu na kuyaweka. Halafu hii takataka ya simu unakwangua mpaka bakuli. Mimi nimekosa wapi?"

Mama alijiinua kwanza kwenye mto. Ni mtu wa polepole, hata kabla ya ugonjwa.

"Mkaa wako unanikwaruza koo," akasema. "Ni kama kumeza mchanga."

"Ni mkaa wa kawaida."

"Ni mkaa wa jiko. Na maziwa ni ya pakiti, yana ladha ya pakiti." Akasukuma blanketi kidogo. "Na kibuyu kina gundi. Niliisikia harufu yake siku ya kwanza. Niliiona pia juzi ulipokisahau hapa kando ya kitanda, nikakigeuza."

 

"Si ungeniambia," nikasema. "Siku nne, mama. Ungeniambia siku ya kwanza ningekupikia kitu kingine."

"Ulikuwa umekibeba kwa mikono miwili," akasema. "Ningekuaibishaje? Nilisema moyoni utaniambia mwenyewe."

"Na ya wifi?"

"Wifi yako alisema ni kitu cha simu na hajui kama ni kizuri." Akatabasamu kidogo, midomo bado imepasuka. "Ilikuwa kitu cha simu. Na kilikuwa kizuri. Nilikula."

Akageukia ukuta akalala tena. Mimi nilienda sebuleni nikakitoa kibuyu juu ya televisheni. Nilikigeuza. Gundi ilikuwa imekuwa ya manjano, imekusanya vumbi, na ufa ulikuwa umeendelea mbele, umepita mahali nilipopaka.

Asubuhi nilisimama jikoni. Yogati ilikuwepo. Plamu sita zilikuwa zimebaki kwenye mfuko wa karatasi. Nilizikata, nikatoa kokwa, nikaweka sufuria kwenye gesi, halafu nikakwama. Ningeweza kubahatisha. Maisha yangu yote nimebahatisha, nikasema ni utamaduni. Lakini mama alikuwa ameshaamka chumbani, alikuwa ameuliza kama iko, na kwa wiki nyingi hakuna chakula kingine alichokiulizia. Sikutaka ameze kosa langu tena.

Nikachukua simu. Nilijua atakuwa kwenye karai la chapati, mikono ina unga, hoteli imejaa. Nilijua pia nimemcheka mbele ya mumewe, mbele ya watoto wake, na jana nikaulizia surua ya sufuria yake. Akishika nitamwambia nini? Nilitamani asishike.

Akashika.

"Auntie! Mathe ako aje?"

"Ameamka. Anaitaka ile yako." Nikaitazama sufuria. "Sasa niambie. Hizo plamu, unaweka maji ama huweki?"

Nikasubiri acheke. Alikuwa na haki, na mimi ningekuwa yeye ningecheka mpaka madereva wageuke. Nilisikia sufuria zikigongana nyuma yake, mtu akiitisha chai.

"Huweki, Auntie," akasema. "Moto kidogo tu. Zitatoa yake. Usiondoke hapo, simama nazo."

Hakucheka hata kidogo. Nikasimama nazo.