Chupa ya Rafu ya Chini

Mzee Yasini Mwinyikombo hakubeba kwa mkono wa kushoto kitu chochote kilichotoka kwa mtu. Iwe ndoo yenye mguu wa mgonjwa wa sukari, iwe chupa yenye kinyama kidogo kama punje ya mchele, alibeba kwa mkono wa kulia. Mwaka ambao bega lake la kulia lilivimba, kahawa aliinywa kwa mkono wa kushoto. Ndoo ilibaki kulia.

Kazi yake ilikuwa kuondoa mabaki ya chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya hapa Tanga. Mimi nilikuwa maabara, upande wa tishu. Nyama iliyokatwa kwa mgonjwa niliiloweka kwenye formalini isioze, kisha nikaituma kwa basi la Alhamisi kwa wataalamu wa mji mwingine. Wao huigandisha ndani ya nta, huikata nyembamba kuliko karatasi ya sigara, na kuitazama kwa hadubini.

Taratibu zilitaka mabaki yachomwe. Watu wa kwetu wanataka yafukiwe. Kiungo cha mtu aliye hai hakiswaliwi, lakini huviringwa kitambaa safi na kurudishwa ardhini, kwa kuwa ni cha mwenyewe. Familia zilizoomba zilipewa. Viungo vya wasio na mtu Mzee Yasini alivifukia mwenyewe, kwenye kona aliyopewa na msimamizi wa makaburi karibu na kwake Chumbageni.

Baina yetu palikuwa na makubaliano ya rafu. Chupa za rafu ya juu zinangoja safari. Za rafu ya chini zimekwisha kazi, achukue. Miaka tisa hatukuwahi kukosana.

Alipenda kuuliza. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, kwenye mashine ya kukamua majani, na nyuzi alizijua kwa vidole. Nilimweleza kwamba ngozi ni tishu ya kufunika, misuli ni ya kuvuta, neva ni za kupeleka habari, na iko nyingine iitwayo unganishi, yaani mifupa, mafuta na kano, kazi yake kuvishika vingine visitawanyike.

"Kama nyuzi za mkonge," alisema.

"Zinafanana kazi. Ila seli za nyuzi za mkonge zikikomaa huwa zimekufa, mzee. Na ndizo zinazolisimamisha jani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kama sisi wazee wa mtaani. Tumekufa zamani na nyumba bado tunazisimamisha."

Zuwena aliletwa kutoka kijiji kimoja kabla ya kufika mpakani Horohoro. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na nyuma ya goti alikuwa na uvimbe ambao baba yake, Tahiri, aliupaka dawa za kila aina kwa miezi saba. Jumatatu daktari alikata kipande cha ukubwa wa tende. Nilikiweka kwenye chupa. Alhamisi basi liliondoka bila hicho kipande, kwa sababu nilisahau kumpelekea daktari fomu aitie saini. Ijumaa rafu ya juu ilijaa, nikaishusha chupa ya Zuwena chini, nikisema moyoni nitairudisha baada ya chai.

Sikuirudisha. Jumanne iliyofuata Tahiri alikuja kuomba nyama ya mwanawe. Mzee Yasini alitazama rafu, akaiona pale, akampa kwa mkono wa kulia.

Jumatano niliitafuta.

"Nimempa mwenyewe," alisema Mzee Yasini. "Ilikuwa chini." Halafu aliniona usoni, naye akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

Daktari alisema kidonda cha Zuwena kimeingia usaha, hawezi kukata tena kabla ya mwezi, na uvimbe ule hauwezi kungoja mwezi. Mzee Yasini aliuliza swali moja tu. "Ikiwa ardhini, imeshaharibika?"

Nilimwambia nyama iliyokaa siku nane kwenye formalini haiharibiki upesi. Pengine bado inasomeka.

Tulipanda basi kesho yake. Tahiri alitukuta uani kwake, akatusikiliza akiwa amesimama.

"Mlinipa, nimeizika kando ya bibi yake. Leo mnaitaka tena? Nyinyi watu au fisi?"

"Fisi, haya," alisema Mzee Yasini. "Nitukane nikikaa au nikisimama, ndugu yangu, lakini binti ana ugonjwa usiojulikana jina, na jina lake limo mle ndani."

"Na mkishalijua?"

"Kitarudi. Hilo neno langu mimi, si la hospitali."

"Chote?"

"Chote."

Nilikuwa hapo hapo. Nilijua kwamba nyama ikishaingia kwenye nta hairudi, kwamba kipande kile cha nta hupewa namba na kuwekwa kabatini miaka kumi au zaidi, na mabaki mengine huchomwa huko huko. Ningesema, Tahiri angekataa. Nilinyamaza nikatazama viatu vyangu.

Tahiri akatuonyesha mahali. Mzee Yasini hakutumia jembe, asije akakikata kipande. Alipiga magoti akafukua kwa mikono. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Ndani yake kipande kilikuwa cha kijivu, kigumu kidogo, kama mpira wa kiatu. Alinipa nikakitia kwenye chupa, akakaa pale pale chini muda mrefu, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko.

Kilisomeka. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu: saratani ya tishu unganishi, ya aina inayokimbia. Mguu ulitakiwa ukatwe juu ya goti. Tahiri alikataa siku kumi na sita. Zuwena mwenyewe ndiye aliyekubali, akamwambia baba yake, "Nitembelee gongo, baba, si nipo?" Mguu ulikatwa. Mzee Yasini aliuviringa, akaufikisha kijijini mwenyewe, akaufukia karibu na lile shimo la kwanza. Lakini picha zilionyesha mapafu yamekwisha kuingiliwa. Zuwena alifariki kabla ya Ramadhani.

Kikao cha hospitali kiliuliza nani alitoa chupa kabla ya vipimo. Mzee Yasini alijibu ni yeye. Nani aliiweka rafu ya chini, hakuna aliyeuliza, naye hakutaja. Akaondolewa kazini.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuja dirishani kwangu. Blessing, tuliyefanya naye kazi, alikuwa akinitania: "Mchumba wako amekuja na kanzu leo." Mzee alikuwa na swali lile lile: kimerudi? Nami nilimjibu bado. Nilimjibu bado kwa miezi mitano.

Kisha Ijumaa mbili hakuonekana. Nilikwenda Chumbageni. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, miguu imevimba, figo zimechoka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla sijakaa akauliza.

Siku ile nilimweleza. Nta, namba, kabati, miaka.

Aliangalia dari. "Siku ile nafukua, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mzee."

Mjukuu wake Asmahani alileta maji, akamnywesha, akaondoka. Nilidhani mzee amelala. Nikasimama nichukue mkoba wangu.

"Mimi hiyo miaka kumi sina, mwanangu," alisema, macho amefumba. "Nenda kwa Tahiri ukamwambie kwa mdomo wako. Na kwenye maziko yangu usije, kama hujafika kwake."