Mdomo wa Gunia

Nikiri mapema: mimi nilicheka. Picha ilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Msichana amesimama mbele ya mashine ya kusaga, uso mpaka kope umejaa unga wa muhogo, na chini mtu ameandika "Mzimu wa Koboko". Nikabonyeza kile kiuso kinachocheka mpaka machozi, nikaendelea na chai yangu.

"Baba, yule ni rafiki yangu," alisema binti yangu, mwenye miaka kumi na tano. "Bwenini analala kitanda cha juu yangu. Amesema Jumatatu, likizo ikiisha, harudi shule."

"Kwenye kundi la darasa lenu ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Hakuna aliyesema kitu." Akanitazama. "Lakini mimi sikucheka."

Nikafanya ninachojua kufanya. Nilimwandikia ujumbe wa kutuma kwenye kundi lao: aya tano kuhusu heshima ya kazi. Aliusoma wote, kwa adabu.

"Nikituma hii, Baba, watatutengenezea picha mimi na yeye."

Jumamosi akaomba nimpeleke Koboko, mji wa kwao rafiki yake, mwendo wa saa moja kutoka kwetu Arua. Tulipakia gunia la muhogo mkavu ili tuwe na sababu ya kufika mashineni. Mama wa yule msichana, mwenye mashine, alitupokea huku amefunga leso puani.

"Mutoto iko ndani. Shule anasema hapana. Mimi nimechoka kuuliza."

Pale mashineni kuna utaratibu: wakati unga wa aliye mbele yako unamwagika, wewe unayefuata unamshikia mdomo wa gunia. Binti yangu alimshikia bibi mmoja aliyetutangulia. Dakika mbili tu, akawa mweupe kama ukuta wa kanisa.

Msichana akatokea mlangoni. Alisimama kidogo akimtazama.

"Unashika vibaya," alisema. "Unga yote inakuingia puani."

Akaja akashika upande wa pili.

"Tupige picha, Baba," binti yangu akasema, akinionyesha simu yake kwa kidevu. Nilikata nusu ya vichwa vyao, lakini aliituma hivyo hivyo kwenye kundi la darasa, bila neno. Baadaye mvulana mmoja akatuma picha yake akiwa shambani Pajulu, tope mpaka magotini. Msichana wa Kuluva akatuma yake, masizi ya sufuria mashavuni. Basi, hao wawili. Wengine waliona tu.

Mimi nilibaki na deni langu.

"Mwanangu," nilimwambia yule msichana, "ile picha, mimi nilicheka."

"Najua, Mzee. Mama alinionyesha."

Akanipa gunia.

"Shika, basi. Huyu mama anayefuata iko na muhogo mingi."

Nilishika, kwa shati langu jeusi la kwendea mikutano. Nilipopiga chafya, wale wasichana wawili walilazimika kukaa chini kwa kucheka. Jioni tuliporudi Arua, kiti cha nyuma kilikuwa na wasichana wawili, godoro lililokunjwa, na sanduku la bati la shule lililogonga kwa kila shimo la barabara.