Sheima Hakunenepa

Tufaha wa Isevya hakujaliwa mtoto wa kumzaa, ila Mungu alimpa Sheima, yatima wa dada yake, akamlea tangu anaota meno. Aliyelea yatima anajua: watu hawatazami moyo wako, wanatazama mashavu ya mtoto. Na mashavu ya Sheima, jamani, hayakuwepo.

Basi ulipobaki mwezi mmoja Sheima aolewe huko Kaliua, Tufaha alimweka ndani akamshindilia uji wa karanga, halua na maziwa, asubuhi mpaka jioni. Wakwe wasije wakasema alimnyima chakula mtoto wa marehemu. Mwari hakuongezeka hata nusu kilo. Tumbo lilimjaa gesi, na usingizi ukamtoroka.

Tufaha akaenda dukani kwa Bi Sakarbai kutafuta uwatu. Bibi huyo wa Kihindi ameuza viungo miaka arobaini, na elimu ya Ayurveda, tiba ya jadi ya kwao, aliirithi kwa baba yake.

"Shikamoo, bibi. Nipe uwatu mwingi, mwari wangu hanenepi."

"Marahaba. Kwanza niambie, ana mikono baridi? Ngozi kavu? Anatembea mbio, anasema mbio, leo ana njaa, kesho hana?"

"Utadhani unamwona!"

"Huyo ni vata, mwanangu. Kuna waliozaliwa na moto mwingi, kuna wenye uzito wa maji na udongo. Yeye kazaliwa na upepo. Ukimshindilia unamtesa bure. Mpe chakula cha moto, kidogo kidogo, kwa saa zake, utie samli. Mkande kwa mafuta ya ufuta, alale. Mama yake alikuwaje?"

Tufaha akamkumbuka dada yake. Marehemu Maram alikuwa vivyo hivyo: mifupa mitupu, mikono baridi, na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Miaka kumi na tisa Tufaha aliuona wembamba ule kuwa kosa lake mwenyewe, kumbe ni urithi wa dada yake. Alilia palepale dukani, akimshukuru Mungu, akimshukuru na Bi Sakarbai, ambaye uwatu alikataa katakata kumuuzia.

"Maji hufuata mkondo," bibi alisema, akampimia mafuta ya ufuta.

Siku ya harusi Sheima alikuwa mwembamba vilevile, ila amelala vizuri na anacheka. Mama mkwe akamshika kifundo cha mkono.

"Mbona mwembamba hivi?"

"Alhamdulillahi," Tufaha akajibu bila kuinamisha uso. "Huo ni mwili wa mama yake. Mimi nimeutunza, sasa utunzeni nyinyi."