Fundi wa Kizota asiyeuza begi la kukulia

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na Swaumu Abdulwahab ameshamkasirisha mteja wake wa kwanza.

Mteja ni Damas, baba mtanashati, mtumishi wa ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Ameegesha gari kwenye vumbi la Kizota, mbele ya kibanda cha mabati chenye cherehani mbili, na anataka begi la shule la binti yake wa darasa la pili. Ameshalichagua. Ni la bluu, kubwa, lenye mifuko minne.

"Nifungie hili, fundi. Litamzidi kidogo, lakini atalikulia."

Mguu wa Swaumu unasimama juu ya pedeli.

"Mtoto yuko wapi, kaka?"

"Yuko nyumbani, anaangalia katuni. Wa nini tena?"

"Kamlete."

"Dada yangu, mimi nanunua begi!"

"Si wewe utakayelibeba. Kamlete nimpime, nitamshonea la kwake leo leo, saa kumi ulichukue."

Damas anacheka, akidhani ni utani wa mafundi. Anapoona mwenzake hacheki, anatia simu mfukoni na kuondoka bila kuaga. Hatua thelathini kutoka hapo kuna duka la mabegi ya kutoka nje yenye picha za katuni, na huko hakuna anayeuliza mtoto yuko wapi.

"Umeona? Ndiyo kaenda hivyo," anasema Swaumu, na cherehani inaanza tena kulia.

Ukitaka kugombana na mwanamke huyu, tamka neno hilo tu: atalikulia. Na tusijifanye hatulijui, maana ni neno letu sote. Sare ya shule hununuliwa ya kukulia. Viatu vya kukulia hujazwa pamba kwenye ncha. Begi la kukulia humpiga mtoto mapajani tangu darasa la kwanza hadi siku linapochanika, nalo bado halijamtosha. Hatufanyi kwa ubaya. Ni umaskini, na ni matumaini pia, kwamba mtoto atafika huko.

Swaumu mwenyewe aliuza kwa neno hilo miaka minane, tangu aliposhuka kutoka Kondoa na cherehani moja ya mkopo.

"Nilikuwa naliimba kabisa," anasema. "Chukua kubwa mama, atalikulia. Msimu wa Januari natoa mabegi ishirini kwa siku. Mimi na mwenzangu Hamida hata chai tulikuwa tunainywa tumesimama."

Januari iliyopita, siku iliyokuwa nzuri kuliko zote aliuza saba. Hamida ameondoka kutafuta riziki kwingine, na cherehani yake imefunikwa khanga.

Juu ya msumari, mbele ya macho ya kila anayeingia, limetundikwa begi la kahawia lililopauka. Wateja hulidhania sampuli iliyoharibika, kwa sababu mikanda yake hailingani. Wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa vidole vitano. Wapo waliomshauri alishushe, eti linamharibia jina.

Ni begi la Munira, kifungua mimba wake, ambaye sasa ana miaka 13 na yuko darasa la saba. Swaumu alimshonea alipoingia darasa la tano.

"La kukulia, unategemea nini, mtoto wa fundi," anasema. "Ndani kuna kaunta buku saba, vitabu, kopo la uji. Mkononi dumu la maji la lita tano, maana bomba la shule linakauka. Madawati hayana pa kufungia. Ukiacha daftari leo, kesho hulikuti. Basi anabeba vyote, kwenda na kurudi."

Baada ya wiki chache Munira alirudi na malalamiko. Mkanda wa kushoto ulikuwa unashuka begani. Swaumu alilitazama begi kwa jicho la fundi, akaona jibu: mkanda umevutika, amenunua mkanda mbovu. Akakata vidole viwili, akashona upya.

Miezi mitatu baadaye mkanda ukashuka tena. Akakata viwili vingine.

"Mara ya tatu nikakata kimoja na kumgombeza juu. Nikamwambia, wewe unatembeaje? Unalivuta begi kama punda wa mkokoteni?"

Hapo Swaumu anaacha kushona. Anahesabu kwa vidole vyake mwenyewe, viwili, viwili, kimoja, kisha anauinua mkono wote mbele ya uso wake.

"Kiganja kizima nilikikata kwenye begi. Na begi lilikuwa zima! Kilichokuwa kinashuka ni bega la mwanangu."

Mtu atauliza, mama gani haoni mgongo wa mwanawe? Swaumu ameulizwa hivyo mara nyingi, na mashemeji zake ndio waliouliza kwa ukali zaidi. Jibu lake ni fupi. Munira anaoga mwenyewe tangu ana miaka tisa. Shuleni ushungi unashuka hadi kiunoni, sweta juu yake, begi juu ya sweta. Alipolalamika mgongo unauma alipewa dawa ya maumivu ya dukani. Darasani alipojiegemeza upande, aliambiwa akae wima, na siku nyingine fimbo ndiyo iliyomwambia.

Kilichomfumbua macho ni gauni la Idd.

Alikuwa amemshonea gauni la kijani, akamvisha usiku wa kuamkia sikukuu ili apime upindo. Upande mmoja ukaning'inia, mwingine ukapanda. Swaumu akashika mkasi.

"Wallahi nilishataka kukata tena," anasema, sauti ikishuka. "Pini ikaanguka. Munira akainama kuiokota. Alipoinama, mgongo ukainuka upande mmoja. Upande wa kulia kama umeingizwa kitu ndani, wa kushoto umelala. Nikamwambia usisimame kwanza. Nikapitisha kidole kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni. Kidole kikakata kona."

Sikukuu hiyo hawakula pilau.

Hospitalini walipiga picha, na daktari akamwambia nyuzi ishirini na tisa. "Mimi nyuzi ninazozijua ni za cherehani," anasema Swaumu. "Nikamuuliza, nyuzi za nini daktari? Akachukua kalamu akanichorea namna mgongo ulivyopinda."

Kuna jambo ambalo daktari alilisisitiza, na Swaumu hulirudia kwa kila mzazi ili asije akawa mwongo. Begi halikuupinda mgongo ule. Mpindo wa aina hiyo huja wenyewe, mara nyingi bila sababu inayojulikana. Uzito ulimzidishia mtoto maumivu, basi. Lakini tangu mkanda uanze kushuka ulipita mwaka mzima, mwaka ambao mama alikuwa anarekebisha begi.

"Afadhali angeniambia begi ndilo lililofanya," anasema. "Begi ningelichoma moto nikalala. Sasa nichome nini? Mkasi?"

Munira akafungiwa vazi la plastiki gumu, kutoka kwapani hadi nyonga, la kuvaliwa saa ishirini kwa siku. Ili kulilipia, Khamisi, mume wa Swaumu anayelima alizeti Kondoa, aliuza mavuno yote ya mwaka ule yakiwa bado shambani. Mama yake Khamisi hakuridhika. "Mnamfunga mtoto kama mzigo," alisema. "Mwacheni, akikua atanyooka."

Lahaula! Hilo ndilo lililo kinyume kabisa. Mgongo wa aina hii hukua pamoja na mtoto, na kadiri anavyorefuka ndivyo nao unavyozidi kupinda. Nyuzi 29 zikawa 34. Mwezi wa pili mwaka huu zikawa 41. Daktari amesema zikipita 45 mazungumzo ya plastiki yamekwisha, ni upasuaji Dar es Salaam, vyuma kwenye uti wa mgongo. Picha nyingine itapigwa Jumatano ijayo.

Wahenga walisema kua uyaone. Munira ameyaona kabla hajakua.

Mwenyewe analiita lile vazi "ganda". Wenzake darasani humgonga mgongoni kwa vidole na kusema hodi. "Nawajibu hayupo," anasema, na anacheka kweli. Kwenye joto la Oktoba ngozi ya mbavuni huchubuka. Usiku mama yake humpaka mafuta, na hapo, gizani, ndipo siku moja Munira alipouliza kama watu wenye vyuma mgongoni huolewa.

Kibandani Swaumu amejiwekea sheria zake. Mtoto lazima aje. Anapimwa mabega kwa tepu, moja moja, kwanza la kulia, halafu la kushoto. Kitako cha begi hakipiti kiuno. Mikanda mipana yenye sponji, miwili, na yote inavaliwa. Mfuko wa vitabu vizito unashonwa upande unaogusa mgongo. Kisha begi la zamani la mtoto, na kila kilichomo, linaning'inizwa kwenye mizani ya ndoano aliyoinunua kwa muuza nyama, na uzito wake haupaswi kuzidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto. Ni nadra usizidi.

Mwisho anaangusha pini. Anafanya makusudi, na anamwomba mtoto amwokotee.

Kwa njia hiyo amewatuma watoto watatu hospitali. Mzazi mmoja alirudi kushukuru. Wa pili hakuonekana tena. Wa tatu alirudi kumtukana mbele ya wateja kwamba anamtabiria mwanawe ulemavu ili auze mabegi.

Mwalimu Elieth, anayefundisha Munira hisabati, alijaribu kumsaidia kuipeleka mizani shuleni. Waliwapima wanafunzi wa darasa moja kabla hawajaambiwa wasubiri kibali. Kibali hicho hadi leo hakijaja.

"Kuna mtoto wa darasa la nne ana kilo 26, begi lake kilo saba," anasema mwalimu huyo. "Nikalisema kwenye kikao cha wazazi. Baba mmoja akasimama akasema, sisi tulibeba kuni na hatukufa. Wakampigia makofi."

Elieth amenunua mbao kwa fedha zake na kugongesha kabati moja lenye kufuli kwenye darasa lake. Watoto arobaini na wawili wanaacha vitabu humo. Madarasa mengine kumi na moja hayana.

Saa saba mchana Munira anafika kutoka masomo ya ziada, ushungi mweupe, vitabu viwili tu mkononi. "Shikamoo," anamwambia mwandishi, anaketi kwenye ukingo wa kiti akiwa amenyooka, maana ganda halimruhusu vingine. Mtihani wa darasa la saba uko Septemba. Anataka kusoma sayansi.

Kwenye fremu ya mlango wa kibanda kuna mistari ya chaki ya fundi, mmoja kwa kila mwezi. Kila nyumba ina ukuta wa namna hiyo, na mzazi huchora huku anashangilia. Swaumu huchora huku ameuma midomo.

"Mzazi gani anaomba mwanawe asirefuke?" anauliza. "Mimi naomba. Baada ya swala naomba hivyo, halafu naona aibu."

Kwa miezi miwili maombi yalielekea kujibiwa. Mistari mitatu ya mwisho iko mahali pamoja kabisa, na Swaumu anawaonyesha watu kwa kidole. Hayo ndiyo matumaini aliyokuwa anakwenda nayo Jumatano.

Leo ni siku ya kupima. Munira anavua viatu, anaegemeza kisogo kwenye fremu. Swaumu anaweka rula juu ya kichwa. Inagota palepale kwenye mstari wa mwezi uliopita. Anatabasamu, anainua chaki.

Halafu jicho lake linashuka kwenye upindo wa sketi. Aliikata mwenyewe mwezi wa tano, ifike kwenye kifundo cha mguu. Sasa imelala sakafuni, na kwa mbele imetokeza kidogo.

Chaki inabaki hewani.

"Munira. Umekunja magoti?"

Mtoto anatazama nje, kwenye vumbi, ambako mtu anapita na mkokoteni wa mbao.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikirefuka unalia."

Swaumu anapiga magoti. Anashika magoti ya binti yake juu ya sketi, yote mawili.

"Nyoosha," anasema.

Munira ananyoosha. Rula inapanda vidole viwili.

Swaumu anauchora mstari mpya, anaukoleza mara mbili ili usifutike. Anasema Jumatano watakwenda, na nyuzi zikiwa arobaini na nne atashukuru, na zikipita atauza cherehani ya Hamida, na ya kwake ikibidi, atashona kwa mkono. Januari, ganda au vyuma, mtoto ataingia kidato cha kwanza na begi alilopimiwa.

"Mama," anasema Munira, bado amesimama mlangoni, "la sekondari nishonee la kukulia."

Neno hilo, ndani ya kibanda hiki! Mwandishi anasubiri ugomvi. Swaumu anafuta uso kwa ncha ya mtandio, anakunjua turubai jipya juu ya meza, anachukua chaki.

"Kua basi, mama," anasema. "Kua nikuone."